Mwiko wa Bibi Yudith

Naima, nimeharibu. Shoga, nimeharibu vibaya mno.

Unamkumbuka Bibi Yudith wa Haneti, yule mpika pombe ya mtama ambaye mwiko wake haujaoshwa tangu enzi za mama yake? Chachu yote inakaa kwenye nyufa za ule mti. Ndio utafiti wangu huo!

Wiki iliyopita nikauazima, nikachukua sampuli maabara. Halafu nikaona si vizuri kumrudishia mchafu. Naima, NIKAUOSHA. Nikauloweka kwenye spiriti! Mazoea tu, mkono ulienda wenyewe.

Sasa hivi kanipigia. "Mjukuu wangu, pombe ya harusi imekataa kuchacha. Siku ya tatu leo, imetulia tu kama uji uliopoa."

Nikasema pole bibi. POLE!

Akasema, "Nadhani mkono wangu umezeeka."

Mkono wake! Anajilaumu yeye, huku chachu yake iko hai kwenye friji letu la maabara, ndani ya kichupa chenye namba.

Halafu akasema kesho nikauchukue ule mwiko, uwe wangu kabisa.

"Wewe unajua kutunza. Ulinirudishia unang'aa."