Galoni Elfu Kumi na Sita

Jumapili, 11 Desemba

Tumeingia fainali! Sauti imekauka, mgongo umekataa kunyooka, na mke wangu Noreen anasema jana uwanjani nilimkumbatia mchungaji wa kanisa ambalo si letu. Huenda.

Miaka thelathini na tatu. Mara ya mwisho shule yetu ya Caddell kucheza fainali ya Texas ya futiboli ya Kimarekani nilikuwa kikosini mimi mwenyewe — kama kukaa benchi ni kuwa kikosini. Waliniingiza dakika ya mwisho, tumeshaachwa pointi thelathini. Nilitoka na jezi safi kama shuka la hoteli.

Jumamosi hii ni sisi na Port Lavelle. Gazeti letu la wiki linataka uchambuzi wangu Jumatano mchana. Ukurasa mzima! Kawaida hunibanza chini ya matangazo ya matrekta.

Ila kesho ni kazini. Miji mingine mita za maji siku hizi zinajisoma zenyewe. Hapa bado ni mimi na magoti yangu.

Jumatatu, 12 Desemba

Asubuhi duka la donati. Wazee wale wale, meza ile ile. Agosti, Jarrell Pruitt alipohamia kwetu kutoka Harmon — Harmon, mahasimu wetu tangu babu zetu! — hawa hawa walisema kwotabeki gani huyu, mrusha mpira wa timu nzima, nywele njano kama kifaranga. Akishafunga anaweka kidole sikioni kuwasikiliza mashabiki wa wenzake wanavyonuna. Mhuni, walisema. Leo wawili wamepaka masharubu rangi ya njano.

"Lyle, mwandike vizuri mwanetu," akasema Hoyt, mmoja wa wawili hao.

Mwanetu! Tangu lini?

Ofisini, Ofelia, mkuu wetu wa maji, akafunga mlango nyuma yangu. Nikadhani nafukuzwa. Nikaanza kufurahi.

Kumbe Harmon wamelalamika kwa kamati ya ligi: kijana hakai Caddell. Na kanuni inasema mchezaji alale ndani ya mpaka wa shule yake, yeye na mzazi wake. La sivyo mechi zote alizocheza zinafutwa na fainali tunaitazama kwenye televisheni. Kamati inakaa Ijumaa, saa tatu asubuhi.

"Lakini tuna daftari lako!" Ofelia akalipiga busu daftari langu la mita. Nyumba namba 212, mtaa wa Pecan, aliyokodi mama wa kijana: galoni elfu nne kila mwezi, Agosti mpaka Novemba. "Nyumba tupu hainywi maji, Lyle. Umetuokoa! Wewe Ijumaa njoo tu utie sahihi kwamba ulisoma kwa macho yako."

Nikasema sawa. Nikaenda chooni nikakaa.

Kwa sababu kifuniko cha mita ya 212 sijakifunua tangu Julai. Julai nilikifunua, nyigu akaniuma kope. Nikamwambia nyigu basi, nyumba yako. Enzi hizo aliishi mle mjane, Bi Eunice, aliyetumia elfu nne kila mwezi bila kuzidi wala kupungua. Mwezi huo huo akahamia kwa bintiye. Mimi nikaendelea kumwandikia elfu nne zake. Miezi minne naiogesha nyumba kwa kalamu!

Labda kijana naye hutumia elfu nne. Inawezekana. Watu huoga.

Jumanne, 13 Desemba

Nimekwenda 212 na dawa ya nyigu. Nyigu wameshahama. Hata wao.

Nikapiga magoti, nikafuta vumbi, nikasoma. Namba ni ile ile ya Julai. Ile ile, mpaka tarakimu ya mwisho. Ndani ya nyumba hii hakuna mtu aliyenawa hata mkono.

Nikakaa kwenye nyasi zilizokufa. Nyasi za mji mzima zimekufa — kumwagilia ni marufuku tangu Juni. Mbele ya nyumba, ubao waliopigilia akina mama wa timu: PRUITT 7. Kila mchezaji ana ubao wake mbele ya nyumba yake. Huu uko mbele ya nyumba isiyo na mtu.

Nimemwambia Noreen jioni. Akacheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha.

"Basi utasema ukweli."

"Ni mji mzima, Noreen!"

"Mji mzima haukushika kalamu. Wewe ndiye uliyeshika."

Akanipa viazi, tukala. Nimechoka kana kwamba nimezisoma mita zote mia nne leo. Nilisoma moja.

Jumatano, 14 Desemba

Uchambuzi umekwenda. Niliandika: Port Lavelle wana ukuta wa mbele mzito, vijana watano, kila mmoja saizi ya jokofu. Wanakimbia na mpira, hawarushi. Watataka kutumaliza pumzi. Silaha yetu ni Pruitt. Kila mpira wetu unaanzia mikononi mwake, naye ana ugonjwa wa kusubiri — majokofu yanamjia, yeye katulia, mpaka sekunde ile tunayofumba macho. Ndipo anarusha. Niliandika ana kiburi, na kwamba ningekuwa na mkono ule ningekuwa na kiburi mara mbili. Mwisho nikaandika: "Kijana aliyeitwa msaliti amepata nyumbani, hapa Caddell."

Sijui kwa nini niliandika hiyo. Ndiyo, najua. Ilisikika vizuri.

Noreen akasoma. "Mbona kama unamsomea wasifu wa marehemu?"

Mchana nikaenda kwa Kocha Mabry. Nilimwambia yote, hata nyigu. Hakushtuka. Akauliza kitu kimoja tu: mita inatakiwa isome ngapi ili ifanane na daftari?

"Elfu kumi na sita zaidi," nikasema, kama mjinga. "Lakini kocha —"

"Umechoka, Lyle. Nenda kapumzike. Ijumaa vaa tai."

Alhamisi, 15 Desemba

Gazeti limetoka. Picha yangu ni ya miaka kumi iliyopita. Kwenye duka la donati Hoyt kalikata, kalibandika ukutani.

Saa sita mchana nikapita Pecan. Barabara imelowa! Nikajua kabla sijasimama. Nyuma ya 212 bomba liko wazi, mpira wa maji umelazwa mtaroni, maji yanakwenda zake mpaka kwenye kalvati. Nikafunua mita. Inazunguka kama feni. Tangu jana saa kumi na moja jioni, nikakadiria. Siku hizi ndiyo nakadiria vizuri.

Gari likasimama. Jarrell mwenyewe. Akanipita, akainama ukutani, akafunga bomba. Akalikaza mara mbili.

"Habari, bwana Hutto."

"Kocha kakutuma?"

"Kocha kaniambia nisikanyage mtaa huu mpaka kesho." Akatazama mita. "Imefika ngapi?"

"Elfu kumi na moja na mia nne."

"Na mlitaka ngapi?"

Mlitaka! "Kumi na sita."

Akapiga hesabu, midomo ikicheza. "Ingetimia kama saa mbili usiku."

"Ingetimia."

"Kisima cha bibi kimekauka tangu Septemba," akasema. "Nanawa uso kwa kikombe kimoja, bwana. Kimoja. Halafu asubuhi napita hapa nikienda shule, naona mto."

"Kwa hiyo unalala Harmon."

"Nyumba hii tulikodi kweli. Bibi alifika mpaka hapo mlangoni, akauliza kuku wake watakaa wapi, akageuza. Mama hawezi kumwacha. Mimi siwezi kuwaacha wote wawili."

"Mbona hukusema?"

"Nimeulizwa habari za nywele. Kidole. Usaliti. Nalala wapi — wewe wa kwanza." Akachomoa gazeti mfuko wa nyuma. "Nimesoma. Eti nimepata nyumbani." Hakuwa na hasira, ndicho kilichonimaliza. "Umepaandika vizuri."

Halafu akashika tena bomba. "Nifungue? Wewe sema, bwana. Ukisema fungua, nafungua."

Akasubiri. Nimeandika ukurasa mzima kuhusu kusubiri kwake, sikujua kunakuwaje ukiwa mbele yake. Timu nzima. Hoyt na masharubu yake. Mimi na kazi yangu. Nikainama, nikarudishia kifuniko cha mita.

"Haya," akasema, kwa upole. "Nina mazoezi."

Akaondoka. Nikabaki na bomba kama dakika ishirini. Mkono uliligusa, siwezi kujidanganya humu pia. Nimeliacha kama alivyoliacha.

Ijumaa, 16 Desemba

Naandika nyuma ya daftari la mita, kwenye korido ya kamati. Saa tatu kasorobo. Tai inaninyonga.

Kulipopambazuka nilikuwa Pecan. Nimesoma mtaa mzima, nyumba thelathini na moja, kila kifuniko, kila goti. Bwana Sizemore, niliyekuwa namwandikia elfu tano, bomba lake limepasuka chini kwa chini, linavuja sijui tangu lini! Namba 140 nilikuwa nawapunja, 188 nawazidishia. Nyigu wawili. Hawakuniuma, labda kwa huruma. Zote nimeziandika. Nafasi ya 212 tu bado tupu.

Karatasi ya Ofelia ninayo pajani: "Nilisoma mita hii kwa macho yangu, mwezi hadi mwezi." Kaichapa vizuri. Kaniwekea na kalamu mpya.

Mbele yangu wamekaa watatu. Jarrell na jaketi letu la timu. Mama yake, macho mekundu. Na bibi — mdogo, mkavu, jaketi la Harmon limemfika magotini. Amekuja na jaketi la Harmon!

"Wewe ndiye msoma maji?" kaniuliza.

"Ndiye, mama."

"Mbona matope magotini?"

"Leo nimesoma."

Akamgeukia mjukuu. "Huyu ndiye aliyeandika umehama?" Kijana akamwambia anyamaze, bibi, watu wana kazi. Alikuwa anatabasamu kidogo, haki ya Mungu.

Mlango umefunguka. Wameniita. Kocha Mabry kaushika mlango kwa mkono mmoja, kwa mwingine ananiashiria haraka, Lyle, haraka. Nimeandika namba ya 212 kama nilivyoisoma Jumanne: ile ile ya Julai. Wino wa kalamu ya Ofelia ni mzuri, haufutiki.

Wameita mara ya pili. Magoti, twendeni.