Maji Mdomoni

Gisenyi, Jumapili baada ya misa

Dada Illuminée mpendwa,

Salamu nyingi zikukute hapo Kanama ukiwa mzima, wewe, shemeji Védaste na watoto. Je, mgongo umekuachia kidogo? Mimi sijambo, tena sijambo kweli kweli. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho.

Unakumbuka tulivyopatana: mavuno ya viazi yakifika sina kazi ya kueleweka, narudi tulime pamoja. Nilikuwa nikiamka na wazo hilo, nalala nalo. Mzee Rutagengwa, yule fundi wa redio, alikuwa amenipokea kwenye karakana yake, lakini kila nilicholehemu kilibanduka. Yeye anayeyusha risasi, anaweka tone, analiacha lipoe lenyewe, basi. Mimi je? Miaka yote ile ya kupiga pasi ya makaa imenizoesha kupuliza. Nikiona kitu cha moto tu, puu! Na tone likipulizwa linaganda vibaya, linapata rangi ya majivu, waya unaachia. Evode, mwanafunzi mwenzangu, akanishauri nikachome mahindi sokoni.

Mzee akapata dawa. Akaniamuru nijaze maji mdomoni kila ninaposhika chuma cha kulehemu. Usicheke, dada. Asubuhi nzima mashavu yamevimba, Evode ananitania, nami siwezi kumjibu! Hilo liliniuma kuliko kuungua vidole. Lakini kazi ikaanza kushika.

Jumamosi iliyopita mzee alikuwa hospitali. Wakaja watu kutoka Rubona wamebeba amplifaya, wamevaa suti, jasho linawatoka. Gusaba yao ilikuwa mchana huo huo, na unajua posa bila maikrofoni ni aibu; wasemaji wa pande mbili watatambiana vipi? Evode akaifungua, akasema tumngoje mzee. Nikachungulia, nikaona tundu la maikrofoni limeachia bodi. Nikajaza maji mdomoni. Bwana mmoja akaniuliza kama naweza kweli. Nikaitikia kwa kichwa. Nililehemu pole pole, na matone yakatoka yanang'aa. Walipojaribu, sauti ililia mpaka wauza nguo wa upande wa pili wakageuka. Nikameza yale maji, nikamwambia Evode yote niliyokuwa nimemwekea.

Sasa lenye uzito. Mzee aliporudi aliniketisha, akaniambia jambo ambalo hata mkewe halijui, kwa hiyo libaki kwetu. Tangu nifike hajawahi kuiona kazi yangu vizuri. Alikuwa akivuta kila waya kwa koleo, na uliobaki mahali pake ndio aliousifu. Akasema, "Bon, macho yangu imeisha, Kabatesi. Lakini mukono yako mi naijua. Hii meza, kamata." Nililia mbele yake, wala sikuona haya.

Nikakubali papo hapo, bila kukuuliza. Ndiyo, dada, sikukungoja. Najua umeshanifagilia chumba, najua utanuna. Nuna, kisha uje unione nimekaa kwenye meza yangu. Sirudi. Sehemu yangu ya shamba ni yako, panda unachotaka.

Mbusu kila mtoto. Nisalimie shemeji, na majirani wote waliosema nitarudi. Hao wa mwisho wasalimie mara mbili.

Mdogo wako akupendaye,
Kabatesi, fundi