Kwa Mwalimu Tulia, Aliyekataa Kumdanganya Mama Yake

Mama, mwaka umetimia tangu asubuhi ile uliyotuacha, na nyumba bado haijazoea. Familia imenipa kalamu mimi kitindamimba, eti kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikikujibu sana. Basi nakujibu kwa mara nyingine.

Mji mzima ulikujua kwa kazi yako. Ulikuwa mwanamke wa kwanza hapa kwetu kukalia kiti cha mwalimu mkuu, na hukukikalia kwa woga. Zamani zile msichana akijifungua, shule ndiyo ilikuwa imekwisha kwake. Wewe uliwafuata makwao mmoja mmoja, ukabishana na wazazi wao, ukawarudisha darasani. Stoo ya madawati mabovu uliipaka chokaa, ukatandika mikeka, ukaifanya chumba cha watoto wachanga. Kengele ya mapumziko ikilia, wanafunzi wako walikimbilia huko kunyonyesha, kisha wanarudi kwenye hesabu. Wapo waliosema unaiharibu shule. Leo mmoja wa waliolazwa kwenye mikeka ile anafundisha fizikia hapohapo, na ni mkali kuliko wewe.

Mzazi akija ofisini kupayuka, ulimvutia kiti ukamwambia, "Tulia kwanza." Kisha unanyamaza naye. Wengi waliishia kuomba maji ya kunywa. Wanafunzi wakakupachika jina la Mwalimu Tulia, nalo likakuganda.

Utulivu huo uliutoa masomoni ng'ambo. Ulipanga chumba kwa mkutubi mmoja, mama wa makamo, mfuasi wa Buddha, aliyekuwa akiketi sakafuni kila alfajiri akifuata pumzi yake. Ulianza kuketi naye kwa udadisi tu. Ukasoma, ukauliza, ukarudi nyumbani umekata shauri kwamba njia hiyo ndiyo yako. Sisi tulikuwa tunasubiri zawadi. Ulifungua sanduku, ukatoa mto wa kukalia na sanamu ndogo ya mbao.

Shangazi hatasahau siku alipokukuta chumbani umekaa wima, macho umeyafumba nusu, unaitwa huitiki. Alimkimbilia muuguzi jirani, muuguzi akaja mbio na mashine ya presha, ukapimwa palepale sakafuni. Yako ilikuwa safi kabisa. Shangazi ndiye aliyekutwa nayo juu, na dawa anameza mpaka leo.

Hatutaki kukufanya malaika. Kwa mtu aliyechelewa hukuwa na utulivu wowote. Buddha mwenyewe angechelewa, ungemsimamisha mlangoni. Baba, fundi saa asiyewahi kufika mahali kwa wakati, alikuwa wa kugombezwa miaka yote ya ndoa yenu. Anasema siku hizi anawahi kila mahali na hakuna wa kumsifu.

Aliyeshindwa kulichekea jambo lako ni Bibi, mama yako. Wewe ndiye binti yake pekee. Alipohamia kwetu kwa sababu ya miguu, hakugombana nawe hata siku moja. Alivuta kiti hadi mlangoni pa chumba chako, akawa anasali kwa sauti ya juu makusudi, wewe uko ndani kimya. Hofu yake ilikuwa moja, na sote tuliijua: kwa kuwa umeiacha dini aliyokulea nayo, mkishakufa hamtaonana tena.

Ugonjwa ulipokushika, hofu ile ikamnyima hata hamu ya kula. Siku moja alivuka kizingiti ambacho hakuwahi kukivuka, akasimama kando ya kitanda chako.

"Mwanangu, niambie umerudi," alisema. "Sema tu, hata kama ni kwa kunionea huruma."

Ingekuwa rahisi sana. Baba alikukonyeza kabisa, na mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo useme ndiyo yaishe. Ulimshika mkono.

"Mama, siwezi kukudanganya. Tutaonana wapi, sijui. Leo tupo hapa. Keti nami."

Bibi alitoka akilia. Siku zilizofuata hakutaka hata kukutazama, na wewe uliumia. Uliendelea kuifuata pumzi yako, ila machozi yalikuwa yanakutiririka. Nilikujia juu, nikakuuliza ungepungukiwa nini kwa neno moja. Ukaniambia kwamba mama aliyekuzaa anastahili kumjua mtoto anayemuaga.

Kisha asubuhi moja Bibi akarudi mwenyewe. Hakuuliza kitu. Alipanda kitandani kwa shida, viatu vingali mguuni, akalala ubavuni pako na kuanza sala zake, safari hii kwa sauti ya chini. Wewe ulivuta pumzi taratibu, ukishusha kila alipopumzika yeye. Ikawa hivyo kila kukicha, mpaka ile asubuhi ya mwisho uliyotutoka, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wake.

Tunaokukumbuka ni mumeo; sisi wanao, pamoja na wakaza wanao na wajukuu; Shangazi, na presha yake; walimu wenzako; na mabinti uliowarudisha darasani, wao na watoto wao.

Na mama yako. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake.

"Mwambie bado sijui tutaonana wapi," alisema. "Mwambie kila asubuhi naketi naye."

Hutoki mioyoni mwetu, Mama.