Mkono wa Kushoto wa Ndugu Yetu Muhiddin

Mwaka umetimia, Muhiddin, tangu alasiri ile ulipotuacha, na Mtaa wa Mkunguni bado unakuulizia. Wateja wa Mbagala wanasimama mlangoni wanasema, "Yule Mwarabu mcheshi yuko wapi?" Dada yako Thuraya huwajibu kwamba umesafiri. Si uongo. Ni kwamba nauli ilikuwa ya kwenda tu.

Duka la vitambaa lipo, lakini sauti yake haipo. Wewe hukuwa mtu wa mkasi. Ulisema mkasi ni wa mafundi na wakata kucha. Ulipima kwa mkono, ukatia jino pembeni, kisha mikono miwili ikavuta, chaaa! Kitambaa kikaenda nyoofu kama kimepigwa rula. Na yadi yako siku zote iliishia mbele kidogo ya yadi ya watu wengine. Devendra wa duka la pili alikuwa akikupigia kelele: "Muhiddin bhai, unauza au unatoa sadaka? Unaniharibia soko!" Nawe unamjibu, "Mkono wangu mrefu, bhai, nimlaumu nani?"

Enzi za maduka matupu ulikuwa unachana kwa huruma, doti moja ya khanga kwa majirani wawili. Ilipokuja ruksa ya kuagiza bidhaa nje, na marobota ya Dubai yakajaa mpaka barazani, tukasema sasa Muhiddin atachana mpaka mbingu. Ndipo kiharusi kikaja kikachukua upande wako wa kushoto. Mdomo ulirudi. Mguu ulirudi kwa kuburuza. Mkono ukagoma, ukawa unaning'inia kama mkono wa kanzu iliyoanikwa.

Binti yako Anfal ndiye aliyeleta habari za utafiti wa serikali wa mikono iliyopooza, kwenye chumba kile ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Tulimkuta Daktari Hyasinta, mwembamba, mkali, macho yamechoka. Dada yako akamuuliza dawa yenyewe iko wapi.

"Dawa hakuna, mama," alisema. "Mkono wake haujafa. Umelala, kwa sababu una mwenzake anayeufanyia kazi. Tutaufunga ule mzima, huu mgonjwa ulazimike kuamka."

"Na hayo mmeyaona wapi yakifanya kazi?"

"Ndiyo tunayoyatafuta. Hapa hakuna kidonge cha kuuza, kwa hiyo hakuna kampuni inayotaka kujua. Ni fedha za umma tu, na zenyewe ni mpaka Juni."

Basi mkono wako wa kulia ukatiwa kwenye mfuko wa marekani, ukafungwa kamba kifundoni, kutoka asubuhi mpaka usiku, isipokuwa kwa udhu na sala. Wa kushoto ndio ufanye yote: kufunga vifungo, kushika kikombe, kushika kijiko. Nasi wa nyumbani tukapigwa marufuku kukusaidia. Ukiangusha, uokote. Ukimwaga, umwage.

"Daktari," alisema dada yako, "yeye umemfunga mkono mmoja. Sisi umetufunga miwili."

Kula kwa kushoto, Muhiddin! Mkono ule ule ambao marehemu mama aliuchapa kwa mwiko kila uliposogelea sahani. Tulikwenda kumuuliza Ustadh Abdulhadi, naye akasema mgonjwa ana ruhusa, dini haikuja kumtesa mtu. Ukakubali. Lakini ulikuwa unakula huku unaangalia mlango, kama paka wa Feri mwenye kichwa cha samaki mdomoni.

Na mkono ulianza kuamka, jamani. Devendra alikuwa analeta mabaki ya kitambaa uyafanyie mazoezi. Siku moja kidole gumba cha kushoto kikakutana na cha shahada, kikabana pindo. Devendra akapiga makofi: "Chana, bhai, chana!" Mfuko wa kulia ukakandamiza upande wa pili, wa kushoto ukavuta, na kitambaa kikachanika upana wa ukucha. Anfal alilia pale pale. Dada yako alisema kitambaa chenyewe kilikuwa kibovu, akaingia jikoni, akalia huko.

Lakini wewe ulikuwa mtu wa watu, na Kariakoo mgonjwa haachwi peke yake. Walikuja kukujulia hali kutoka Gerezani, Ilala, Magomeni, na machungwa yao na chupa za uji. Wakifika wanakuta nini? Mtu mzima amefungwa mkono kama mwizi, uji unamtiririka ndevuni, na dada yake amekaa pembeni anajipepea.

"Mtu na dada yake!" walinong'ona, kwa sauti ya kusikika mpaka uani.

Wakakufungua. Wakakulisha. Nawe, ambaye tonge la mgeni hukuwahi kulikataa tangu utoto, ukafungua kinywa. Mgeni akiondoka, dada yako anafunga upya, na mkono wa kushoto umeshapata habari kwamba mwenzake yupo, umelala tena.

Alijaribu kila hila aliyokuwa nayo, na anazo nyingi, unamjua. Aliwaambia mfukoni mmetiwa upupu. Wakafungua kwa leso. Aliwaambia kuna bwana wa serikali anapita kukagua. Wakasema akija watampa chai. Mwishowe akaushona mdomo wa mfuko kwa uzi wa gunia.

Siku hiyo ndiyo aliyokuja Mzee Sadalla, aliyekufundisha biashara ya vitambaa ungali kijana, na aliyetusimamia kama baba tangu baba yetu alipokufa. Alikuja na mkongojo wake, amevaa kanzu ya Ijumaa.

"Thuraya, mwanangu, ndugu yako amekuibia nini?"

"Shikamoo, mzee. Hii ni tiba ya serikali."

"Marahaba. Serikali gani inamfundisha Mwislamu kula kwa kushoto?"

"Ustadh Abdulhadi kasema ana ruhusa."

"Abdulhadi? Nilimbeba mimi siku ya kutahiriwa, akanikojolea kanzu. Niletee kisu."

"Mzee wangu, akifunguliwa mkono hautapona."

"Na akifa na njaa ndiyo utapona? Mtazame alivyokonda. Kisu, mama."

Wewe ulimtazama dada yako, naye akakutazama. Ungesema nini, kwa mzee aliyetembea na goti bovu juani kuja kukulisha? Naye angefanya nini, ampokonye mkongojo? Akaleta kisu. Mzee akakata uzi, akanawa, akasema bismillahi, akakumegea tonge la wali na samaki. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akaapa kwamba madhali yu hai hutakula tena kwa kushoto, na mwenye kiapo kile hakukosa kuja hata alasiri moja.

Siku ya kupimwa, Daktari Hyasinta alikupa kitambaa. Ulikibana. Kuvuta hukuweza.

"Ulikuwa umeanza kuamka, huu," alisema. "Nani anayemfungua?"

"Mapenzi, daktari," dada yako alijibu. "Yanakuja kwa zamu."

Tukamwomba muda. Akasema hata yeye anauomba. Juni ikaisha, fungu likaisha, chumba kikafungwa. Tulizunguka zahanati za watu binafsi, zilizoota siku hizi kama uyoga mpaka huko Posta. Kuna sindano, kuna vidonge vya rangi zote, kuna mashine inayolia. Wa kukaa na mtu asubuhi hadi jioni akimfundisha mkono kushika kijiko hakuna, maana hakuna cha kumfungia kwenye pakiti. Tukaendelea wenyewe nyumbani, na wageni wakaendelea nao. Kiharusi cha pili hakikukawia. Hicho hakikubishana na mtu.

Lipo moja, Muhiddin, hukulipata ungali hai. Daktari Hyasinta alikuja kutupa pole mwezi wa Ramadhani. Alikaa kwenye mkeka, akaizungusha tende mkononi bila kuila. Alisema hesabu zao zimekamilika, na wagonjwa wengi mikono iliamka. Aliyepona kuliko wote ni mlinzi mmoja, Pius, mgeni wa mji huu. Hana mke, hana ndugu, hakutembelewa na mtu hata mmoja.

"Na waliopona kidogo?" aliuliza dada yako.

Daktari akaangalia chini. "Wenye watu wengi, mama."

Akasema wameandika kwamba utafiti mwingine ukipata fedha, wageni wakae nje saa za mazoezi. Akasema hilo wamejifunza kwako. Dada yako akacheka mpaka Anfal akamshika bega, na akaona si kicheko.

Tungekupunguzia watu wangapi, ndugu yetu? Tungeanza na nani? Mlango wa mgonjwa hatukufundishwa kuufunga, na mpaka leo hatujui komeo lake liko wapi.

Jumapili baada ya adhuhuri tunakusomea hitma pale pale nyumbani. Watajaa mpaka barabarani, na Mzee Sadalla keshatuma neno kwamba atatangulia. Waje tu, Muhiddin. Safari hii hawawezi kukuharibia kitu.

Tunaokukumbuka: dada yako Thuraya, binti yako Anfal, jirani zako Devendra na mkewe Vidya, Ustadh Abdulhadi, Mzee Sadalla baba yako wa kazi, wateja wa yadi ndefu, na wote waliokulisha.

Mola akupanulie kaburi lako kama ulivyowapanulia wengine yadi. Mengi hatukuyaweza kwako, na kukusahau ndilo tusiloliweza kabisa.