Kura ya Hapana Waliyokutwika

Baba,

Shikamoo. Kuitikia najua huwezi, lakini ningeanza bila kukuamkia ungenifokea hata huko uliko. Mama hajambo. Mbuzi wamezaa. Pampu ya maji imekuja. Na wewe, Baba, sasa ni msaliti wa kijiji, kwa hiyo tulia nikueleze.

Siku ya kura ulikuwa huwezi kumeza hata uji, ukasema hufi mpaka umpigie Rais. Wakakubeba na kitanda chako cha kamba hadi shuleni, Baba Mdogo mbele akilalamikia mgongo wake, mimi pembeni nikikufunika miguu iliyovimba isionekane chini ya kanzu yako ya Idi. Kabla ya hapo ulikuwa ukinifundisha mimi nisiye na umri wa kupiga kura: kwenye picha ya Rais ni Ndiyo, kwenye kivuli cheusi ni Hapana, na mwenye akili timamu upande wa kivuli haangalii kabisa. Ulitoka mle ndani umefurahi kama bwana harusi. Kesho yake ukafa.

Hatujamaliza matanga vizuri, Katibu wa kijiji akarudi kutoka Lindi amenuna. Akasema vijiji vyote vya upande wa Mingoyo vimesema Ndiyo tupu, isipokuwa sanduku letu limekutwa na Hapana. Moja tu. Na pampu tuliyoahidiwa itakwenda kwa majirani mpaka mwenyewe apatikane. Maji ya hapa unayajua, wanawake wanafukua mchanga kwa kata za vifuu mpaka kucha zinawatoka. Watu walikwenda kupiga kura wanaiwaza pampu. Wengine, Mungu anisamehe, sidhani kama walijua kuna jambo jingine la kupigia.

Basi Katibu akawapanga uwanjani kama mbuzi wa mnada, wazee huku, vijana kule, wanawake juani. Vijana wakasema ni wazee, maana ndio wanaolilia mikorosho waliyoiacha tulipohamishiwa hapa. Wazee wakasema ni vijana, hawana adabu tangu wajue kusoma. Wamwera wakawasingizia Wamakonde walioshuka kutoka Newala. Wamakonde wakajibu, "Sisi kuhama tumezoea, waulizeni wanaonuna." Na wanaume wote, kwa umoja mkubwa, wakasema ni wanawake. Ulikuwa ukiniambia uchaguzi umetufanya ndugu. Ungewaona ndugu zako siku ile ungerudi kitandani mwenyewe bila kubebwa.

Aliyewapatanisha ni mdogo wako. "Jamani," akasema, "tunagombana nini na marehemu yupo?" Nikaona nyuso zinafunguka moja moja. Baba, walifurahi. Aliyekufa hafungwi wala hanyimwi sukari ya duka la kijiji. Mwalimu wa madrasa peke yake ndiye aliyeuliza iweje mtu abebwe kwa kitanda kwenda kumkataa Rais. Baba Mdogo akamwambia ndiyo hiyo dalili yenyewe, mgonjwa hasumbuki vile bila kuwa na lake moyoni. Watu wakaitikia kweli, kweli.

Wakaja nyumbani kumuuliza Mama. Alikuwa amekaa eda, kwa hiyo walisimama nje, yeye ndani nyuma ya kanga iliyotundikwa mlangoni. "Mama, utuwie radhi kukuingilia eda yako," Katibu akasema. "Ile Hapana ni ya marehemu?" Mimi nilikuwa naye ndani, nikimwona. Alikuwa anachambua mchele. Hakulia, hakusita. "Ni yeye," akasema, akaendelea kuchambua. Mjane aliye ndani ya eda nani atamwambia mwongo? Hata mimi niliamini.

Arobaini yako tulipika wali, hakuja mtu. Mwalimu wa madrasa aliingilia uani, akasoma haraka haraka, akaondoka bila kuonja. Wali ukaliwa na kuku. Katibu alikuwa ameshatuma watu kuja kuibandua picha ya Rais ukutani, ile uliyokuwa ukiifuta vumbi kila Ijumaa kabla hujaenda kuoga, eti nyumba hii haistahili. Pamebaki alama ya misumari.

Mama alipomaliza eda, pampu ikafunguliwa. Kwa uaminifu wake akapewa ndoo ya kwanza, akapigiwa vigelegele na wanawake wale wale. Tulipofika nyumbani akatua ndoo, akanywa, akafuta mdomo, akasema kama anayezungumzia bei ya chumvi, "Somoe, ile Hapana ni yangu."

Nikamuuliza Rais amemkosea nini. "Rais simjui," akasema. "Nilikuwa namjibu baba yako. Siku ya kuhama alitia kibiriti nyumba yangu mimi nimo ndani natoa vyungu." Nakumbuka, Baba. Ulisema kiongozi kama wewe lazima aanzie kwake ndipo wengine wafuate, ukasema makuti makavu yanawaka vizuri, tukacheka mimi na wewe. Mama hakucheka. Nikamuuliza basi mbona amekutwika wewe, na kaburi lako halijakauka. "Ulitaka nimtwike nani?" akasema. "Wewe?"

Nimemwambia uchaguzi ujao nitakuwa nimetimiza umri, nami nitatia Hapana katika sanduku lile lile, ili wajue mwenye Hapana bado yu hai, waje kaburini kwako wakuombe radhi. "Watatafuta tena," akasema, "na safari hiyo hapana maiti. Subiri basi nife kwanza, wanitwike mimi."

Nampenda Mama. Nawapenda nyote wawili na ndicho kinachonitesa, maana kila ninapomtetea mmoja wenu namzika mwingine. Lakini nilimjibu kwamba sitasubiri. Tangu siku hiyo hali chakula nilichopika mimi.

Pumzika, Baba, Mungu akupanulie kaburi. Kura hiyo nakuahidi nitaipiga, na watakayemshika wamshike, hata akiwa Mama.

Mwanao,
Somoe