Bakteria Uliowaanika Juani

Mpwa wangu,

Sote hatujambo, na sebule tumeshaipaka rangi. Ila nina hasira na wewe, na leo sitazificha.

Nilikueleza taratibu: fosforasi imejaa katika udongo wa huku, lakini imeng'ang'ania madini, mizizi haiwezi kuifyonza. Bakteria ninaowakuza hutoa asidi inayoifungua. Ni viumbe hai! Nikakukabidhi chupa zao ukawauzie wakulima, nikasisitiza, "Waweke kivulini." Wewe ukapanga chupa juu ya paa la gari, juani, kutwa nzima, eti wateja wazione. Uliwauzia watu maiti.

Sasa mahindi yao yamedumaa, majani yamegeuka zambarau kwa kukosa fosforasi. Jana mjane wa seremala alinifuata mlangoni. "Mzee, kwenye chupa ulitutilia maji ya bomba?" Nilinyamaza ili nikusitiri. Kumbe wewe umeshawatangazia kwamba mjomba kazeeka, siku hizi anakosea vipimo!

Ijumaa wakulima wanakutana. Nitawapelekea chupa mpya bure, wawahi msimu ujao. Wewe njoo ueleze zile za kwanza ziliharibikaje. Usipokuja nitaeleza mimi, na mama yako nimeshamwekea kiti cha mbele.

Ni mimi, mjomba wako, ambaye vipimo bado anavikumbuka.