Anayempikia Peninah

Toongabbie, Sydney
18 Julai 2021

Mdogo wangu Peninah,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekwisha. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila uchovu hauniachi. Wametufungia tena kwa korona. Ni nyumba ya wazee, kitanda, kisha nyumba ya wazee. Wageni hawaruhusiwi kuingia, kwa hivyo mabinti wa wale wazee husimama nje wakiwapungia mkono dirishani, na mimi ndiye ninayewalisha. Simu tunaziacha kwenye makabati tukianza zamu, na nikitoka umeshalala, ndiyo maana nakuandikia barua pepe badala ya kukupigia.

Najua shule yako imefunga na unazunguka hicho kisiwa cha Jeju. Niambie unakula nini na wapi. Tangu Mama atuache ukiwa na miaka saba, sijawahi kukaa muda mrefu hivi bila kujua umekula nini. Februari mkataba wako wa kufundisha ukiisha, mipaka ikifunguliwa, utakuja kukaa nami kama tulivyopanga. Chumba nimeshakipaka rangi.

Dada yako,
Kawira


Seogwipo, Jeju
25 Julai 2021

Dada Kawira mpendwa,

Habari za huko kwenu kwenye baridi? Mimi ni mzima, kikohozi kilikwisha zamani. Pole kwa kazi. Nawaombea wewe na wazee wako.

Umeuliza chakula, basi kaa vizuri. Wiki ya kwanza nilikula vibaya. Nilikuwa nafuata mikahawa inayosifiwa kwenye simu, nikijipata kwenye foleni ya watu wa Seoul wanaopiga chakula picha mpaka kinapoa. Nyama ya nguruwe wa hapa inasifiwa sana, lakini niliyopewa ilikuwa tamu kama soda. Siku moja nikiwa kwenye teksi nikaacha kumuuliza dereva chakula kizuri kiko wapi. Nikamuuliza yeye mwenyewe amekula wapi asubuhi. Alicheka, akageuza gari.

Akanishusha kwenye kibanda karibu na bandari ndogo. Hakina jina mlangoni, ila gambuti za wavuvi zimepangwa nje. Ndani hakuna menyu. Unakaa, unaletewa kilichopikwa siku hiyo, na sufuria ikiisha mlango unafungwa. Nililetewa supu ya mwani iliyochemshwa na mifupa ya nguruwe, nzito, ya kijani, na samaki mrefu mwembamba kama mkanda. Dada, niliinamia lile bakuli nikasahau kuna watu.

Mwenyewe ni Mama Ko. Amepita miaka sabini. Alikuwa akizamia baharini kutafuta konokono na chaza bila mtungi wa hewa, mpaka masikio yakakataa. Aliponiona nimeacha ngozi ya samaki alinigonga mkono kwa kijiti cha kulia. Niliila yote. Tangu hapo naenda karibu kila siku, na Mama Ko ananitengea sehemu ya tumbo, ile yenye mafuta.

Nakupenda.

Mdogo wako,
Peninah


Toongabbie
29 Agosti 2021

Peninah,

Hujambo? Nami nipo. Sisi wa magharibi mwa Sydney sasa tumewekewa kafyu. Helikopta ya polisi inapita juu ya paa kama inatafuta mwizi, na mimi niko ndani nachemsha tambi za pakiti. Huo ndio mkahawa wangu.

Nimefurahi kwamba unakula. Nimesoma barua yako mara kadhaa. Umemweleza huyo Mama Ko kuanzia masikio mpaka kijiti, na mimi umenipa pole moja. Sisemi kitu. Lakini kukugonga mkono mezani, nani alimpa ruhusa? Na tangu lini wewe unakula mafuta ya samaki? Kwangu ulikuwa unayaficha chini ya wali.

Nilimsomea Emérance, yule Mkongo tunayefanya naye zamu. Akaniambia, "Mutoto anakula muzuri, sasa wewe unakasirikia nini?" Nikamwambia sijakasirika. Siku iliyofuata akaniletea sombe, kisamvu cha kwao, kwenye kopo, kama mtu aliyefiwa.

Na huyo mama umemjua juzi. Kwani hana jina lingine la kuitwa?

Dada yako,
Kawira


Seogwipo
17 Oktoba 2021

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Nimesikia wameanza kuwafungulia, nikashukuru. Umekwenda kutembea? Umekula mahali pa maana?

Kuhusu jina, hata nyumbani kila mwanamke wa umri ule tunamwita mama. Usiliweke moyoni.

Huku kumetokea jambo. Mama Ko aliteleza jikoni akavunjika mkono wa kulia. Ana mwana mmoja tu, yuko Seoul, alipiga simu akatuma matunda. Basi mwisho wa wiki mimi ndiye ninayeosha vyombo, kukata figili na kubeba sufuria. Wavuvi walinicheka mwanzoni. Sasa nikichelewa wanauliza niko wapi. Mama Ko anakaa kwenye kigoda akiniamuru kwa kidole cha mkono mzima, na jioni hula nami sakafuni. Jana alimwambia mteja mimi ni binti yao; hapa hawasemi "wangu", husema "wetu". Nilidhani sikusikia vizuri, akarudia.

Nimekutumia picha. Huyo aliyenuna ndiye yeye. Hapo anatabasamu.

Mdogo wako,
Peninah


Seogwipo
8 Februari 2022

Dada Kawira,

Natumaini u salama. Nilitaka kukupigia nikashindwa, kwa hivyo naandika.

Nimeongeza mkataba mwaka mmoja. Najua mipaka yenu inafunguliwa mwezi huu na najua chumba kinaningoja. Lakini nimepapenda hapa. Watoto wa shule wamenizoea, na ule mkono wa Mama Ko haujarudi sawasawa. Hajaniomba nibaki, ni mimi nimetaka. Tafadhali usikasirike. Nitakuja likizo.

Mdogo wako,
Peninah


Toongabbie
9 Februari 2022

Peninah,

Sina salamu leo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoanza kukuosha, kukusuka na kukupikia. Wenzangu walikwenda dansi, mimi nikawa nakubembeleza umalize uji. Hakuna aliyeniita mama, na sikulidai hilo jina, kwa sababu lilikuwa la Mama yetu. Sasa mwanamke wa bandarini amekutilia supu kwenye bakuli, na tayari wewe ni binti yao.

Mkono wake umeuuguza. Mgongo wangu umewahi kuuulizia? Mwaka juzi nililala siku kadhaa na homa nikijua ni korona, nikaogopa kukwambia usije ukashindwa kula.

Kaa huko. Kula tumbo la samaki. Usiniandikie tena habari za chakula, na kwa kweli usiniandikie.

Kawira


Seogwipo
19 Mei 2022

Dada,

Hukunijibu Pasaka, hukunijibu siku yako ya kuzaliwa. Naandika hivyo hivyo. U mzima? Hiyo homa uliyonificha bado inaniuma mimi.

Leo nimetoka shule nikapita kwa Mama Ko. Nilimkuta amekaa, vyombo vimejaa karai. Sijawahi kumwona hivyo. Nikamuuliza kama ni mkono. Akasema, "Mwanamke amekuja." Mwanamke gani? "Mweusi. Mrefu. Amekula akamaliza." Nikamwonyesha picha yako kwenye simu. Akageuka akaanza kumenya vitunguu saumu.

Simu yako imezimwa. Nikampigia Emérance kwa namba uliyowahi kunipa. Akasema, "Kawira iko mu kongé," yaani likizo, kisha akakata kama simu imemchoma.

Dada, ni wewe? Kama ni wewe, kwa nini ulikuja ukale kwake uondoke bila kuniona? Niambie uko wapi.

Mdogo wako,
Peninah


Seogwipo
19 Mei 2022, jioni

Mdogo wangu Peni,

Nimewasha simu nikakuta barua yako. Ndiyo, ni mimi. Niko kwenye nyumba ya wageni juu ya soko, mzima wa afya, miguu imevimba kwa ndege.

Nitakwambia ukweli. Sikuja kukuona wewe kwanza. Nilikuja kumwona yeye. Nilingoja saa ambazo uko darasani, nikatafuta kile kibanda. Madereva wawili walinipeleka kwenye mikahawa yenye mabango, nikakataa kushuka. Wa tatu nilimwonyesha ile picha ya aliyenuna, akamtambua hapo hapo.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Njia nzima kutoka Sydney nilikuwa nayapanga. Nikakaa, akaniwekea samaki na ile supu bila kuniuliza kitu. Nikaonja nikitaka iwe mbaya. Peni, ilikuwa nzuri mno, na hapo ndipo nilipozidi kukasirika. Nilikula nikilia kama mjinga, wavuvi wakaangalia pembeni kwa heshima.

Wateja walipotoka alifunga mlango, akatoa simu yake, akaisemea kwa lugha yake ili initafsirie, akaiweka mezani mbele yangu. Ile mashine ikasema kwa Kiingereza kwamba yeye ananijua, mimi ni Kawira, na amenichoka.

Nikadhani simu imekosea. Akaisemea tena. Alisema karibu mwaka mzima kila anachokuwekea mezani kinashindana na changu. Kwamba Kawira hukata vitunguu vidogo zaidi. Kwamba viazi vya Kawira ni laini kuliko hivi. Kwamba uliwahi kuugua ukakataa uji wake wa chaza, uji ambao watu huvuka bahari kuja kuula, ukalia unataka wangu wa wimbi. "Nilizaliwa jikoni," akasema, "na sijawahi kushindwa na mtu ambaye sijaonja chakula chake."

Hukuniambia hata moja ya hayo. Barua zako zote ni sifa zake, na sifa zangu ulizipeleka kwake. Wewe mtoto, umetuumiza sote wawili.

Nikachukua simu nikaisemea kwamba mimi pia nimemchoka. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la haki, akaniongezea samaki. Bado nina wivu naye, sitakudanganya, na nadhani wa kwake kwangu haujapungua hata kidogo. Alipokuwa akinisindikiza mlangoni aliangalia mikono yangu kwa muda mrefu.

Kesho asubuhi nimeahidi kufika jikoni kwake nimpikie mukimo wetu wa kuponda. Viazi anavyo, njegere anazitafuta, majani ya maboga amesema jirani yake analima. Atasimama nyuma yangu aone kila kitu.

Najua kesho ni Ijumaa na unawahi kutoka. Usije kabla ya saa kumi. Hii ni kati yangu na yeye, wewe ukiwepo utaanza kusema kipi kitamu.

Halafu njoo na njaa.

Dada yako,
Kawira